Maradhi ya Mwanzo wa Utumbo na Jinsi ya Kujihadhari Nayo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Hakuna bweni katika shule yetu lisilokuwa na mtu asemaye kwamba ana vidonda vya tumbo. Mmoja hujishika chembe cha moyo kila akimaliza kula maharage. Mwingine huamka usiku wa manane akitafuta kipande cha mkate, kwani asipotia kitu tumboni hapati usingizi. Wa tatu huweka sandukuni vidonge vyeupe vya kutafuna, naye huvigawa kama peremende. Wote hao hulitumia jina lile lile moja. Lakini ukiwauliza vidonda hivyo viko mahali gani hasa, ni nani aliyeviona, na vilitokana na nini, hupati jibu.

Kwa sababu hiyo nimeona ni vema nieleze, kadiri ya uwezo wangu, habari za sehemu moja ndogo ya mwili ambayo mara nyingi ndiyo yenye shida, wala hatuitaji kamwe. Sehemu hiyo ni mwanzo wa utumbo mwembamba, nayo huitwa duodeni. Nilianza kuisoma kwa ajili ya somo la Baiolojia, kisha nikaendelea kwa kuwa jambo hili lilifika mpaka nyumbani kwetu, kama nitakavyosimulia mbele. Mimi si mganga, na makala haya hayawezi kuwa badala ya mganga. Kazi yake ni kumfanya msomaji ajue wakati wa kwenda kumwona mganga, na ajue la kumwuliza.

MAHALI PENYEWE

Chakula tukimezacho hupita kooni, kikashuka kwa umio, kikaingia katika mfuko wa tumbo. Huko hukandwa na kuchanganywa na maji makali mpaka kiwe kama uji mwembamba. Mwisho wa mfuko huo pana mlango mdogo wa nyama uitwao pilori. Jina hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni bawabu, nalo linafaa sana, kwani mlango huo hauachi uji wote upite kwa pamoja. Hufunguka kidogo, hupitisha kiasi, kisha hujifunga tena.

Upande wa pili wa mlango ndipo ilipo duodeni. Herophilus, tabibu Myunani aliyekaa Alexandria katika nchi ya Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliupima urefu wake kwa vidole vilivyowekwa ubavu kwa ubavu, akaona ni vidole 12. Akaipa jina la hesabu hiyo, na neno duodeni latokana na neno la Kilatini la kumi na mbili. Kwa vipimo vyetu vya leo ni sentimita 25 hivi, yaani haizidi rula tunayotumia darasani. Utumbo mwembamba wote hufika mita 6 hivi, basi msomaji ataona jinsi sehemu hii ilivyo fupi.

Walakini kazi yake ni kubwa kupita urefu wake. Imejikunja kama herufi C, na katika mkunjo huo imekikumbatia kichwa cha kongosho. Ndani yake huingia nyongo itokayo kwenye ini, na maji ya kongosho yayeyushayo unga, nyama na mafuta. Kwa hiyo vitu vitatu hukutana hapo: uji mkali wa tumbo, nyongo, na maji ya kongosho. Ni kama njia panda ya soko. Panapokutana wengi, ugomvi hauko mbali.

UKALI WA MAJI YA TUMBO

Yafaa tujue kwanza ukali huo ni wa kiasi gani. Mwaka 1824 William Prout, mganga wa London, alitangaza ya kwamba maji ya tumbo yana asidi ya haidrokloriki, ile ile tunayoonywa tusiiguse katika maabara. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1822, kijana mmoja mchukuzi wa biashara ya ngozi aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya katika kisiwa cha Mackinac, Marekani. Alipona, lakini jeraha lake liliacha tundu lililoingia mpaka ndani ya tumbo. Mganga wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, alifunga vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri, akaviingiza katika tundu hilo, na kuvitoa baada ya muda ili aone vimeyeyuka kiasi gani. Kitabu chake alikitoa mwaka 1833, na tangu hapo watu wakajua kwa hakika ya kwamba tumbo hukiyeyusha chakula kwa dawa yake lenyewe, si kwa kukisaga tu.

Basi ikiwa maji hayo huyeyusha nyama, kwa nini yasiyeyushe nyama ya utumbo wetu wenyewe? Jibu ni kwamba duodeni inazo ngao zake. Ngao ya kwanza ni ute mzito uliopakwa juu ya ngozi yake ya ndani, na ute huo una besi ya kuipunguza nguvu asidi. Ngao ya pili ni maji ya kongosho, ambayo nayo yana besi nyingi. Ngao ya tatu ni ngozi yenyewe, kwani chembe zake huzaliwa upya kila baada ya siku chache, za zamani zikaanguka na mpya zikashika zamu.

Jinsi kongosho linavyopata habari ya kuleta maji yake ni jambo la ajabu. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, wa Chuo Kikuu cha London, walitia asidi katika kipande cha utumbo wa mbwa ambacho walikuwa wamekikata mishipa yake yote ya fahamu. Kongosho likatoa maji vile vile. Wakatambua kwamba habari haikupita katika mishipa ya fahamu, bali katika damu. Utumbo ukiguswa na asidi hutoa kitu ambacho hubebwa na damu mpaka kwenye kongosho, kama tarishi anayepeleka barua. Kitu hicho walikiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akalitoa neno homoni kwa vitu vyote vya namna hiyo. Hivyo elimu nzima ya homoni ilianzia hapa, kwenye mwanzo wa utumbo.

KUVIMBA NI NINI

Tangu karne ya kwanza baada ya Kristo, Mrumi aitwaye Celsus aliandika dalili nne za kiungo kilichoungua, kilichochomwa au kilichoingiwa na uchafu: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Sisi sote tumeziona kidoleni baada ya kuchomwa na mwiba. Damu hukimbilia mahali palipoumizwa, chembe nyeupe zikatoka katika mishipa kupigana na adui, maji yakajaa, na mahali pale pakavimba. Kwa asili jambo hilo ni ulinzi wa mwili. Lakini vita ikiendelea miezi na miaka, hata mji unaolindwa huharibika.

Mambo hayo hayo yakitokea katika ngozi ya ndani ya duodeni, waganga huyaita duodenitisi. Hapo yatupasa kutofautisha hatua tatu. Ya kwanza ni wekundu na uvimbe tu. Ya pili ni michubuko midogo ya juu juu. Ya tatu ndiyo kidonda chenyewe, yaani shimo lililoipita ngozi ya juu na kuingia chini zaidi. Kwa hiyo si kila mwenye maumivu ana kidonda, ingawa uvimbe usiotunzwa waweza kumfikisha mtu huko.

Dalili zijulikanazo sana ni hizi: maumivu au moto katika chembe cha moyo, kichefuchefu, tumbo kujaa hewa, kushiba upesi kabla ya sahani kufika nusu, na pengine kutapika. Watu wengine huumwa wakiwa na njaa au usiku, wakapata nafuu kidogo wakila. Lakini dalili hizi si ushahidi wa kutosha. Mtu aweza kuwa na uvimbe mkubwa asihisi chochote. Na mwingine aweza kuumwa kila siku, akachunguzwa, pasionekane uvimbe wala kidonda. Huyo wa pili si mwongo. Waganga wanakubali ya kwamba tumbo laweza kufanya kazi vibaya, au mishipa yake ya fahamu ikawa nyepesi mno kuhisi, hata kama ngozi yake haina jeraha. Basi tusimcheke mwenzetu tukisema amejifanya mgonjwa ili akwepe kulima bustani.

SABABU YA KWANZA: KIJIDUDU CHA MLANGONI

Kwa miaka mingi waganga wenyewe walifundisha kwamba vidonda vya tumbo na duodeni vyatokana na mawazo mengi, pilipili, na asidi iliyozidi. Mwaka 1915 Bertram Sippy, mganga wa Chicago, aliwapa wagonjwa wake maziwa na malai kila saa. Wengine walipasuliwa na kukatwa sehemu ya tumbo. Walipata nafuu, lakini wengi wao ugonjwa uliwarudia.

Mwaka 1979 Robin Warren, mganga wa mji wa Perth katika Australia, alikuwa akitazama kwa darubini vipande vya ngozi ya tumbo, akaona vijidudu vilivyojipinda kama skrubu. Wenziwe hawakumwamini, kwani ilisadikiwa ya kuwa hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika asidi kali namna ile. Kijana mmoja mganga, Barry Marshall, akajiunga naye. Walijaribu mara nyingi kuviotesha katika vyombo, wakashindwa. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, vyombo viliachwa siku nyingi kuliko desturi, na waliporudi wakakuta vijidudu vimeota. Kumbe vilihitaji muda tu.

Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye vijidudu hivyo yeye mwenyewe. Siku chache baadaye akaanza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha tumbo lake limevimba. Hakupata kidonda, lakini alionyesha ya kuwa kijidudu chaweza kulivimbisha tumbo lililokuwa zima. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho huitwa Helicobacter pylori, na msomaji atalitambua katika neno la pili jina la yule bawabu wetu.

Kinaishije katika asidi? Hutengeneza kimeng'enya kigeuzacho urea kuwa amonia, na amonia ni besi. Hivyo hujizungushia wingu dogo la besi, kikatembea ndani yake kama mtu mwenye mwavuli katika mvua. Kikikaa karibu na mlango wa pilori, huvuruga amri za tumbo, na kwa watu wengine asidi hutoka kupita kiasi. Asidi hiyo yamwagika katika duodeni. Duodeni nayo, ikichoka kuunguzwa, hugeuza sehemu za ngozi yake zifanane na ngozi ya tumbo ili ijikinge. Lakini kwa kufanya hivyo hukitengenezea kijidudu makao mapya, maana hicho hupenda kukaa juu ya ngozi ya namna ya tumbo. Basi huvuka mlango, hukaa, na uvimbe ukaanza upande wa pili.

Yakadiriwa kuwa karibu nusu ya watu wote duniani wamewahi kuwa nacho, na wengi wao hawaugui kamwe. Aghalabu hupatikana utotoni, kutoka kwa mtu hadi mtu katika nyumba moja, kwa njia ya kinywa, matapishi au choo. Kwa hiyo maji safi, vyoo vizuri, na kunawa mikono kwa sabuni si amri za kiranja wa usafi tu. Ni kinga ya tumbo.

SABABU YA PILI: VIDONGE VYA MAUMIVU

Sababu hii nataka niieleze kwa urefu, kwa maana ndiyo tunayojitafutia wenyewe. Mwaka 1971 John Vane, Mwingereza, alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi. Huzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huleta maumivu na uvimbe. Lakini vitu hivyo hivyo ndivyo viwezeshavyo tumbo na duodeni kutengeneza ute wao na kupata damu ya kutosha. Hivyo mtu amezapo aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, maumivu ya goti hupungua, na wakati huo huo ngao ya utumbo nayo hupungua. Hata sindano za dawa hizo zaweza kudhuru, kwa kuwa dawa hupita katika damu. Si kule kukigusa chakula tu.

Bibi yangu mzaa baba ana maumivu ya magoti tangu zamani. Alizoea kumtuma mjukuu dukani kununua vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, mara nyingi kabla ya kula, kwani huamka alfajiri kwenda shamba. Alifanya hivyo miezi mingi. Kisha choo chake kikawa cheusi kama lami. Hakumwambia mtu, kwa sababu ni mtu wa haya, na mambo ya chooni hayasemwi mbele ya wakwe na wajukuu. Shangazi ndiye aliyetambua siku moja kwamba viganja vya Bibi vimekuwa vyeupe, na kwamba akipanda kilima kidogo hupumzika mara tatu. Alimwuliza wakiwa peke yao jikoni, naye akasema kweli. Walipofika hospitali, damu yake ilikuwa imepungua sana, akaongezewa chupa mbili. Alipochunguzwa ilionekana kwamba duodeni yake yote ya mwanzo ni nyekundu na imechubuka, na kati ya michubuko ile mna kidonda kimoja kilichokuwa kikivuja damu polepole.

Bibi alipona, na magoti yake sasa hutunzwa kwa njia nyingine aliyoagizwa na mganga. Lakini neno alilotuambia aliporudi ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Sikujua kwamba dawa yaweza kuuma." Mwenye duka hakumwuliza anavitumia kwa muda gani, wala sisi wa nyumbani hatukuhesabu.

Sasa tazama hapa shuleni. Wakati wa mitihani vidonge vya maumivu hupita mkono kwa mkono. Mtu huumwa kichwa kwa kukosa usingizi, au hupigwa kwato uwanjani, akameza viwili bila chakula, na kesho yake viwili tena. Siku moja au mbili kwa mwenye afya huenda zisimdhuru. Lakini mazoea hayo hukua pamoja nasi. Parasetamoli hailidhuru tumbo kama hizo nyingine, walakini nayo ikizidi kipimo huharibu ini. Hakuna kidonge kilicho peremende.

SABABU NYINGINE

Ziko sababu nyingine pia. Pombe kali huichoma ngozi ya ndani, na tumbaku huchelewesha vidonda kupona. Kiumbe kimoja kidogo kiitwacho Giardia, ambacho huingia kwa maji machafu, hupenda kukaa katika mwanzo huu wa utumbo na kuleta kuhara na tumbo kujaa hewa. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea darubini zake, alikiona mwaka 1681 katika choo chake mwenyewe. Minyoo ya safura nayo hujishikiza sehemu za juu za utumbo mwembamba ikanyonya damu. Tena wako watu ambao miili yao haikubali ngano. Willem Dicke, mganga wa watoto wa Uholanzi, ndiye aliyelithibitisha jambo hilo; wakati wa baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, nchi yake ilipokuwa na njaa ya vita na mkate ukakosekana, lilionekana la ajabu kwamba watoto wenye ugonjwa huo walipata nafuu. Kwa watu hao mkate tu watosha kuivimbisha duodeni.

Kwa hiyo msomaji ataona kwamba maradhi yenye dalili zinazofanana yaweza kuwa na mizizi mbalimbali. Anayeishi na minyoo hataponywa kwa dawa ya asidi, na anayekunywa maji machafu hataponywa kwa kuacha pilipili.

JINSI WAGANGA WANAVYOTAMBUA

Zamani mganga alibonyeza tumbo kwa mkono na kukisia. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitengeneza mrija laini wenye nyuzi nyembamba za kioo zipitishazo nuru hata zikipindwa. Aliumeza yeye mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Siku hizi mirija hiyo ina kamera ndogo mbele yake, na hospitali zetu kubwa, kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, wanayo. Watu wengi hukiita kipimo cha kumeza mpira. Mganga huona kwa macho wekundu, michubuko na vidonda, naye aweza kukata kipande kidogo kama punje ili kitazamwe kwa darubini.

Si kila mtu huhitaji mpira. Kijana asiye na dalili za hatari aweza kupimwa kijidudu kwa choo, au kwa pumzi, ambapo hunyweshwa urea yenye alama na kisha pumzi yake hupimwa kama ile alama imetoka. Kipimo cha damu nacho kipo, lakini kina upungufu, kwa maana huonyesha askari wa mwili ambao hubaki hata baada ya adui kuondoka. Jambo la kukumbuka ni hili: mtu aliyekuwa akitumia omeprazoli hutakiwa kuiacha kwa wiki 2 kabla ya kipimo cha choo au pumzi, na aliyetumia antibiotiki hungoja wiki 4. La sivyo kijidudu hujificha, na kipimo kikatoa jibu la uongo.

MATIBABU

Dawa hufuata sababu. Mwaka 1976 dawa ya kupunguza asidi iitwayo simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black wa Uskoti, ilianza kuuzwa, na watu wengi wakaepuka kisu. Baada yake ikaja omeprazoli kutoka Uswidi mwaka 1988, nayo ina nguvu zaidi, maana hufunga bomba lenyewe litoalo asidi. Lakini dawa hizi hazimwondoi kijidudu. Aliye nacho hupewa dawa ya asidi pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kwa kawaida kwa siku 14, na baada ya wiki 4 au zaidi hupimwa tena ili ijulikane kama kimekwisha.

Hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Namjua mwenzetu mmoja wa bwenini aliyepewa dawa za siku 14. Siku ya tano maumivu yakakoma, akaacha. Zilizobaki akawagawia rafiki zake watatu waliosema nao wanaumwa. Alidhani amefanya wema. Kumbe yeye alibakiza vijidudu vilivyokwisha kuizoea dawa, na rafiki zake walikula dawa isiyotosha kwa ugonjwa usiojulikana. Muhula uliofuata maumivu yalimrudia, na safari hii mganga alilazimika kumpa dawa nyingine za bei kubwa zaidi, ambazo baba yake alizipata kwa kuuza mbuzi. Dawa isiyomalizwa ni deni, nalo hulipwa na mzazi.

YASEMWAYO NA WATU

Husemwa kwamba njaa ndiyo iletayo vidonda. Njaa yaweza kuamsha maumivu ya mtu ambaye tayari ana uvimbe, lakini si mama wa ugonjwa. Husemwa ni pilipili. Pilipili yaweza kumwasha mwenye mchubuko, lakini hakuna ushahidi kwamba ndiyo ichimbayo shimo. Husemwa ni mawazo. Mawazo huongeza maumivu na kuondoa hamu ya chakula, tena ni kweli kwamba watu walio mahututi hospitalini huweza kupata vidonda kwa sababu ya hali yao. Lakini mwanafunzi mwenye wasiwasi wa hesabu asijitibu kwa imani hiyo, akaacha kupimwa. Na maziwa, ambayo wengi wetu huyakimbilia, hutuliza kwa muda mfupi, kisha huliamsha tumbo litoe asidi nyingine.

DALILI ZA HATARI

Nawaomba wasomaji, hasa wazazi, wazishike dalili hizi. Mtu akitapika damu, au matapishi yakiwa kama machicha ya kahawa, akipata choo cheusi chenye kunata kama lami, hali hanywi vidonge vya madini ya chuma, akikonda bila sababu, akishindwa kumeza, akitapika kila alapo, akiwa mweupe viganjani na kuchoka upesi, au akishikwa ghafula na maumivu makali na tumbo likawa gumu kama ubao, asingoje asubuhi. La mwisho hilo laweza kuwa utumbo umetoboka, na kila saa ipitayo huongeza hatari. Tena mzee ambaye hakuwahi kuumwa tumbo, akaanza ukubwani, achunguzwe mapema. Kijidudu kile cha mlangoni kiliwekwa mwaka 1994 miongoni mwa vitu visababishavyo saratani, kwa kuwa katika watu wachache huleta saratani ya tumbo.

SHAURI LANGU

Kwa wanafunzi wenzangu: tunawe mikono kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, tunywe maji yaliyochemshwa, tusiazimane vidonge, na anayepewa dawa azimalize. Mwenye kuumwa wiki mbili mfululizo aende zahanati, asiende kwa mwenye sanduku la vidonge.

Kwa walimu wetu: mwanafunzi anapoomba ruhusa mara kwa mara kwa sababu ya tumbo, asiandikwe mvivu kabla hajapimwa. Tena ingefaa kila bweni liwe na sabuni karibu na choo wakati wote, si siku ya ukaguzi tu.

Kwa wazazi: hesabuni vidonge vya maumivu viliwavyo nyumbani, hasa na wazee. Waulizeni kwa upole habari za choo chao, mkiwa faraghani, bila kuwaaibisha. Haya ni mavazi mazuri ya mtu mzima, lakini yasiachwe yamfunike mpaka damu yake iishe. Duodeni ni fupi kuliko rula, imejificha mahali pasipoonekana, wala haina ulimi wa kujisemea. Inategemea mwenyewe, na wale wanaokaa naye, wawe na masikio.